Wiki 12 za mazoezi tiba ya moyo: nilicholipia na nilichopata

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, nina miaka 56. Mwaka jana mshtuko wa moyo ulinikuta nikiwa nakata kitambaa. Nilizibuliwa mshipa, nikawekewa stenti moja, yaani kibomba kidogo cha kuushikilia mshipa usizibe tena, na siku ya nne nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Shida ilianzia hapo. Niliogopa ngazi, niliogopa kuinua ndoo, hata kulalia ubavu wa kushoto niliogopa. Mke wangu ndiye aliyenifunga kamba za viatu. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema, "Pumzika mzee, usijisumbue." Nikapumzika mpaka mapaja yakanywea.

Kliniki ndiyo iliyonielekeza kwenye mazoezi tiba: mara mbili kwa wiki, wiki 12. Bima yangu ikagoma. Nikalipa mwenyewe 15,000 kwa kila kipindi, na kwa vipindi 24 hiyo ni 360,000. Iliniuma, sifichi.

Siku ya kwanza wanakupima presha, kisha unatembea dakika sita ukumbini huku wakihesabu umbali. Nilipata mita 290. Siku ya mwisho nilifika 430. Lakini si mita zilizonifaa zaidi. Kilichonifaa ni karatasi iliyobandikwa ukutani, ya kipimo cha Borg, kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Uswidi. Kinaanzia 6, yaani umetulia kabisa, hadi 20, yaani huwezi tena. Binti anayesimamia mazoezi anapita kila dakika chache: "Baba, namba ngapi?" Nami natakiwa nibaki kati ya 11 na 13, pale ambapo jasho linatoka lakini bado naweza kupiga soga. Mwanzoni nilitaka kutegemea saa ya mwanangu inayopima mapigo. Msimamizi akanikatalia: bisoprololi, dawa ya moyo ninayomeza, inapunguza kasi ya moyo, kwa hiyo saa itaniambia niko sawa wakati nimeshapitiliza. Nilijifunza kuusikiliza mwili wangu nikiwa na miaka 56!

Upande wa chakula walianza vibaya. Kijikaratasi cha kwanza kilisifu brokoli na samaki wa bahari za baridi. Nani ananunua hivyo kwetu Mbagala? Bahati nzuri mtaalamu mwingine wa lishe aliniuliza nakula nini hasa, nami nikamweleza: supu na chapati mbili kila asubuhi, chipsi mchana, na chumvi ya kunyunyizia haikosi mezani. Akaniita pamoja na mke wangu, kwa sababu mpishi ni yeye. Akatuonyesha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 5, akasema hiyo ni ya mtu mmoja kwa siku nzima, na chumvi iliyomo kwenye mkate imo humo humo. Mke wangu alicheka, halafu akanyamaza. Siku hizi asubuhi ni mihogo ya kuchemsha na maharage. Sigara niliacha kitandani hospitalini, sina hadithi hapo.

Malalamiko yangu: kipindi ni saa mbili asubuhi, na foleni ya kutoka Mbagala mnaijua. Mashine moja ya kutembelea ilikaa mbovu wiki tatu. Katika kundi letu la watu tisa mwanamke alikuwa mmoja tu, naye aliacha katikati, kwani nyumbani hakuna wa kumshikia wajukuu. Wangeweka kipindi cha jioni au cha Jumamosi. Tena wiki ya 12 ikiisha, basi, hakuna anayekupigia simu kukuuliza unaendeleaje.

Nawapa nyota nne. Unayekwenda, vaa raba, beba dawa zako zote, na usiache kumeza za kuzuia damu kuganda eti kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo akarudishwa wodini.

Kazini nimerudi. Jora moja la kitenge nalibeba kwa namba 12. Yakiwa mawili, namwita kijana.