Makumbusho ya wanyama mjini Unguja: mwendeeni chui

Jamani haya makumbusho ya wanyama waliokaushwa wala si makubwa, unazunguka mara moja umemaliza, lakini mie nasema pesa ya kiingilio inarudi kwa chui peke yake. Kama umezoea chui wa bara wa kwenye tivi, huyu wetu ni mdogo na madoa yake madogo madogo yamebanana, ukisimama ubavuni kwake ndo unaelewa kwanini mtaalamu wa wanyama Pocock mwaka 1932 akampa jina lake mbali, Panthera pardus adersi. Ndo huyu wazee wanasema wachawi walikuwa wakimfuga na kumtuma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 chui hao wakasakwa kwelikweli mpaka wakapotea. Mwaka 2018 kuna watu wa tivi ya Marekani walidai wamemnasa kwa kamera msituni, mie hapo siingii, anayetaka kumuona kwa macho yake bas aje hapa.

Halafu paa nunga. Huyu watu wanampita tu mana kakavu na kadogo kama mbuzi mchanga, lakini chutama umuangalie: kishungi chekundu kichwani, mkanda mweupe unamzunguka matakoni, miguu ina vidoa vyeupe. Huko nje amebaki hapa kisiwani na misitu michache ya pwani ya Kenya, bas. Na hilo jina la adersi analo hata yeye, ni Aders yuleyule, mtaalamu wa wanyama wa enzi za Mwingereza, kajikuta na chui na paa!

Vyengine ni vya kawaida. Komba mmoja mkia umebaki nusu na macho ya kioo yanaangalia kila mmoja upande wake, watoto walicheka mpaka wakakatazwa 😂 Kima punju sikuona haja ya kusimama, panda dala dala ya Jozani ukawaone wakiruka. Kilichoniudhi ni vibandiko, maandishi yamefifia na kwengine pameandikwa jina la kisayansi tu, sasa mtoto wa skuli wa Makunduchi atajuaje kama huyo ndo mnyama anayemsikia kwa bibi yake? Na popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine duniani ila Pemba, sikumuona kabisa, labda yupo kwenye madroo ya nyuma, watu wa Pemba nyie mdai haki yenu.

Kwa mnaokwenda na watoto, msiwaache wakashikashika manyoya, ngozi za zamani zilikuwa zikipakwa aseniki zisiliwe na wadudu na ile ni sumu haiishi leo wala kesho. Flashi ya simu zimeni, mwanga ndo unaopausha manyoya. Na nendeni asubuhi, mchana mle ndani joto halikaliki, feni sikuiona ikizunguka.

Nyota tatu, mbili za chui na moja ya paa nunga, komba hana kitu.