Nililipia Mara North, nikashushwa Keekorok

“Mara ni Mara tu, bosi wangu. Si mmefika?”

Ndivyo nilivyojibiwa kwa simu na ofisi ya kampuni iliyotupangia safari, nikiwa nimesimama kwenye vumbi la uwanja mdogo wa ndege wa Keekorok na watu watatu na mabegi yetu, ilhali gari la kambi lilikuwa likitungoja uwanja wa Mara North. Jina la kampuni silitaji. Kuna siku najiambia labda watajirekebisha. Leo sijiambii kitu kama hicho.

Asiyeijua Mara ataona nalia bure. Ngoja nimweleze. Hifadhi ya Maasai Mara yenyewe iko chini ya Kaunti ya Narok. Nje ya mpaka wake, upande wa kaskazini na mashariki, ndiko ziliko konsavansi, yaani hifadhi za jamii: Mara North, Olare Motorogi, Naboisho, Ol Kinyei, Lemek na nyingine. Ardhi ile ni ya familia za Kimaasai, wameikodisha, na mgeni hulipa ada ya konsavansi kwa kila usiku anaolala. Kwa hela hizo unapata yasiyoruhusiwa ndani ya hifadhi: gari kuacha barabara na kumfuata mnyama nyasini, matembezi ya miguu na mwelekezi, na mzunguko wa usiku kwa taa nyekundu. Magari ni machache kwa sababu wanaozunguka humo ni waliolala humo. Hiyo ndiyo anasa tuliyoilipia, wala si shuka nyeupe. Sasa Keekorok iko ndani ya hifadhi, pembe ya kusini mashariki. Mara North iko nje, kaskazini magharibi. Katikati kuna hifadhi, kuna mto Talek, kuna geti, na kwetu sisi kulikuwa na zaidi ya saa mbili za kurushwarushwa ndani ya gari la kukodi.

Kwa hiyo hapana. Mara si Mara tu.

Kosa lenyewe hutokea hivi. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hufanya kazi kama matatu. Haziendi “Mara”, hugusa vituo viwili, vitatu, pengine vinne, na vituo hivyo hupangwa kufuatana na abiria wa siku hiyo. Rubani hana habari na kambi yako. Anasoma karatasi. Niliiona kwa macho yangu: ubao wa kushikia karatasi, majina yetu manne, na mkabala wake KEEKOROK kwa herufi kubwa. Nilipomuuliza kama angeweza kuturusha hadi kaskazini, aliteremsha kidole hadi mstari wa chini: Ol Kiombo, kisha Wilson, viti vyote vina wenyewe. Alinieleza kwa upole kabisa. Rubani sina neno naye. Ndege ikageuka, ikatimua vumbi, tukabaki sisi, soksi ya upepo na nyamera mmoja aliyesimama juu ya kichuguu akituangalia kama mlinzi wa zamu.

Nani aliandika Keekorok? Si kambi. Kambi ilishaandika kwenye barua yake ya uthibitisho “mshuke Mara North”, na barua hiyo ilitumwa kwa kampuni, siyo kwangu. Ratiba niliyopewa mimi ilikuwa na kichwa kinachosema “Mara Conservancy”. Hapo ndipo anayejua angeshtuka, nami sikushtuka. Mara Conservancy ni shirika linalosimamia Mara Triangle, ile sehemu ya hifadhi iliyo magharibi ya mto Mara, tangu 2001. Mara North Conservancy ni kitu kingine, ardhi nyingine, ada nyingine. Basi juu ya ukurasa walikuwa wameweka Mara Conservancy, kwenye ankara Mara North, na kwenye tiketi Keekorok. Safari moja, Mara tatu. Ni dhahiri walichukua ratiba ya mteja mwingine, wakafuta jina, wakaweka letu.

Ningeweza kuwasamehe kama kutojua kungekuwa ndiyo sababu. Lakini tiketi ya kurudi ilikuwa sahihi: Mara North kwenda Wilson. Walijua!

Anayepanga safari ya namna hii, utaratibu ugeuze. Watu wengi huanza na picha za hema, halafu bei, halafu ndege inawekwa mwishoni kama kiambatisho. Anza na konsavansi, ujue unalala kwenye ardhi ipi. Kisha kambi. Kisha waulize kambi wenyewe, kwa maandishi, uwanja wa kushuka na uwanja wa kupandia, kwa majina. Naboisho mara nyingi ni Ol Seki. Mara North ina uwanja wake wenye jina hilo hilo. Olare Motorogi nayo ina Olare Orok, ingawa kambi nyingine huchukua wageni Ol Kiombo, karibu na Talek. Ukiona Serena au Kichwa Tembo, uko upande wa Triangle. Musiara ni pale kwenye kinamasi, ndani ya hifadhi. Keekorok ni ya wanaolala kusini mashariki, upande wa geti la Sekenani. Ukishapata jibu la kambi, liweke kando ya tiketi, soma zote mbili kwa sauti, ya kwenda na ya kurudi. Kabla ya siku ya kuruka, kubadilisha uwanja ni suala la barua pepe moja. Rubani akishashika ile karatasi, imekula kwako.

Na si suala la starehe tu. Mtu akiugua kambini, ndege ya wagonjwa haitumwi “Mara”. Itaulizwa: uwanja gani?

Hasara sasa. Msimu wa bei ya juu, kuanzia Julai hadi Desemba, mtu mzima asiye mkazi hulipa dola 200 kuingia hifadhini. Januari hadi Juni ni dola 100. Tiketi ni ya saa 12, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wawili kati yetu walikuwa wageni kutoka nje. Dola 400 zikatoka kwa kadi ili tupite kwenye hifadhi ambayo hatukupanga kuigusa siku hiyo. Askari wa geti hakutuonea, tumekanyaga, tulipe. Juu yake weka gari la kukodi, maana gari la kambi ni la wazi, lilikuwa kaskazini, na kulileta kusini kungelipotezea wageni wengine mchana wao.

Hasara kubwa zaidi haina risiti. Usiku tatu kwenye konsavansi ni mizunguko sita hivi, asubuhi na jioni. Wa jioni huondoka kambini yapata saa kumi. Sisi tulifika jua likizama. Ukigawanya bei nzima kwa sita utaona ni kiasi gani kilichoyeyuka barabarani, na bado ile sauti inakuambia si mmefika.

Nakiri kambi ilinitibu hasira. Dereva alikuwa ameshapata habari kwa redio, akatungoja mpakani mwa konsavansi, na badala ya kutupeleka moja kwa moja kuoga aliuliza kama tuna nguvu ya saa moja. Akawasha taa nyekundu. Tukaona kamendegere wakiruka kama vikangaruu, macho yakimetameta, halafu simba jike akipita kando ya gari bila hata kugeuza shingo. Gari lilikuwa letu peke yetu. Kurudi hemani kulikuwa na chupa ya maji moto imefichwa chini ya blanketi. Asiyejua baridi ya usiku wa Mara atacheka, akishalala hacheki tena. Maji ya kuoga huletwa kwa ndoo na kumiminwa kwenye tangi nje ya hema, unapiga kelele “tayari!” na yanaanza kushuka. Umeme ni wa jua, kwa hiyo chaji kamera mchana. Siku ya pili tulimpata chui mtini, magari matano yameshamzunguka, na dereva wetu alisimama mbali kabisa, akazima injini, akangoja moja liondoke. Kanuni ni matano. Hakuna ambaye angemwona akiivunja, lakini hakuivunja.

Basi hapo nikawa tayari kuipandisha kampuni kwenye tathmini yangu ya nyota. Tuseme ukweli, kuna mambo waliyapanga vizuri. Walituambia mapema kwamba kila mtu ana kilo 15 tu, pamoja na begi la mkononi, na begi liwe laini lisilo na magurudumu wala fremu, kwa sababu huingizwa kwenye tumbo la ndege kwa kusukumwa. Tuliona mtu kwenye mizani ya Wilson akifungua sanduku gumu mbele ya watu na kuacha nusu ya nguo. Mwenye lenzi nzito anaweza kununua kiti cha ziada, nalo walilisema. Walituambia tulale Nairobi usiku mmoja badala ya kutua JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa, na kukimbilia Wilson siku hiyo hiyo, na hilo ni busara, maana viwanja hivyo viwili viko pande tofauti za foleni. Hata mifuko ya plastiki walikumbusha, iliyopigwa marufuku tangu 2017. Mtu anayejua haya yote anashindwaje na jina la uwanja?

Ankara yao pia ilikuwa safi kuliko nyingi nilizowahi kuona, na hili liigeni. Usikubali neno “kila kitu kimo” likae peke yake. Dai mistari: ada ya konsavansi kwa kila usiku, ndege ya kwenda na kurudi, kuchukuliwa uwanjani, vinywaji, kufuliwa nguo, matembezi, mzunguko wa usiku. Gari la peke yenu ni mstari wake, hutozwa kwa siku. Wapiga picha walilipie bila kusita, kwa sababu kwenye gari la kuchangia anayetaka kumngoja duma dakika arobaini hukaa na anayetaka kwenda kunywa chai. Wenye watoto waulize umri wa kutembea kwa miguu. Kambi nyingi hazichukui wadogo nje ya gari.

Nusura niwape nyota tatu. Nikakumbuka mto.

Wageni wetu walikuja kwa ajili ya nyumbu kuvuka mto Mara. Sehemu mashuhuri za kuvukia ziko ndani ya hifadhi. Maana yake anayelala konsavansi akitaka kwenda kuzitazama analipa tiketi ya hifadhi ya siku nzima, tena dola zile zile 200, na anaondoka alfajiri na chakula cha mchana kwenye kikapu, na bado nyumbu wanaweza kusimama ukingoni saa tano nzima kisha wakageuka. Jambo hili lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza kwenye mazungumzo na mteja wa Agosti. Hawakulitaja popote. Tuliambiwa na dereva, usiku wa pili, karibu na moto. Ndipo nikapiga hesabu nikaona kwamba zile dola 400 tulizolipa kwa kosa lao zingetosha kuwapeleka wageni wale wale mtoni. Tulipoteza siku ya mto tukiwa garini na dereva wa kukodi ambaye hata hakuijua njia.

Nikazifuta nyota zote. Kisha nikatulia nikasema bei waliyotupatia ilikuwa ya haki na kambi waliichagua wao. Zikawa mbili. Moja ni ya kambi, nyingine ya dereva, na ukiangalia vizuri hakuna hata moja iliyo yao.

Nilidai dola zangu 400 nikaambatanisha risiti ya geti. Jibu la kwanza: ada za hifadhi hazirejeshwi, kana kwamba nimeiandikia kaunti. La pili: tuma risiti. Nikatuma tena. La tatu lilikuwa pole, ndefu, yenye “mteja wetu mpendwa” mara nne.

Juzi wameniletea makadirio mapya ambayo sikuyaomba, usiku tatu Naboisho, punguzo la asilimia kumi. Nimeyasoma mstari kwa mstari. Ada ya konsavansi imo, vinywaji vimo, gari limo. Kwenye nafasi ya uwanja wa kushukia wameandika: Mara.