Vikokotoo vya safu za noti 12: hesabu safi, majina ya kuangalia

Safu ya noti 12 ni mpangilio wa noti zote 12 za oktava, kila noti mara moja, ambao mtunzi huutumia kujengea muziki wake. Kujaza kwa mkono jedwali la visanduku 144 (12 kwa 12) linaloonyesha maumbo yote ya safu kunachosha, na ukikosea nusu toni moja (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) kwenye mlalo wa juu, kosa linasambaa kote. Vikokotoo vya bure vya intaneti vimeondoa adha hiyo kwa wanaochambua watunzi Schoenberg, Berg na Webern. Unaandika safu, unabofya, unapata maumbo 48: safu ya asili, mgeuzo (kila kupanda kunakuwa kushuka), kinyumenyume (safu ikisomwa kutoka mwisho), na kinyumenyume cha mgeuzo, kila umbo likianzia kwenye kila moja ya noti 12.

Kipime kikokotoo chako kwa Suite ya piano Op. 25 (kazi namba 25) ya Schoenberg (1921–23). Ingiza E, F, G, D flati, G flati, E flati, A flati, D, B, C, A, B flati. Mlalo wa kwanza ni safu yenyewe. Wima wa kwanza ni mgeuzo: pale E ilipopanda nusu toni hadi F, sasa inashuka hadi E flati. Kisha fuata mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Lazima uwe E tupu. Noti nyingine ikijitokeza hapo, jedwali limeharibika. Kwa hesabu hii, vingi vinafaulu vizuri sana.

Matatizo yako kwenye majina. Kuna vinavyohesabu C kuwa 0, na kuna vinavyoipa 0 noti ya kwanza ya safu. Hivyo safu hiyo hiyo ya Op. 25, inayoanza na E, ni P4 huku na P0 kule (P ni safu ya asili, na nambari ni nusu toni kutoka 0 hadi noti ya kwanza). Kinyumenyume nacho wengine hukitaja kwa noti kinayoanza nayo, wengine kwa safu kilikotoka. Ukisoma kitabu cha mfumo mmoja huku kikokotoo kikifuata mwingine, noti zitakuwa sahihi na uchambuzi wote utapotoka. Kisichokuruhusu kuchagua 0, achana nacho.

Simfonia Op. 21 ya Webern (1928) inafichua upungufu mwingine. Nusu ya pili ya safu yake ni kinyumenyume cha ya kwanza, kikiwa kimesogezwa nusu toni 6, kwa hiyo maumbo tofauti ni 24 tu. Vikokotoo vingi huorodhesha 48 bila kukuonya. Kitufe cha kusikiliza usikitegemee: mara nyingi noti zote hupigwa ndani ya oktava moja kwa urefu sawa, ilhali miruko mipana ndiyo uhai wa Webern.

Ninachokithamini zaidi ni uwezo wa kupaka visanduku rangi. Katika Op. 25 Schoenberg alitumia maumbo 8 tu, yote yakianza kwa E na kuishia B flati, au kinyume chake. Paka rangi G na D flati: katika safu za asili na migeuzo aliyoitumia, jozi hiyo haibanduki nafasi ya 3 na ya 4. Hapo ndipo unaona kwa nini alichagua hizo 8 na kuacha 40. Kwa kazi hiyo cha bure kinatosha kabisa.