Sodwana Bay: matumbawe ya daraja la kwanza, mtihani ni kuvuka mawimbi

Kwa kuzamia kwenye matumbawe Afrika Kusini, Sodwana Bay ndiyo chaguo la kwanza. Iko ndani ya hifadhi ya iSimangaliso, KwaZulu-Natal, nyuzi 27 kusini mwa ikweta. Ni mbali sana kusini kwa matumbawe, lakini maji ya moto yanayoteremka kutoka Msumbiji huyaweka hai. Yameota juu ya matuta ya kale ya mchanga yaliyogeuka jiwe, na ndiyo maana huko chini unakuta vijukwaa na mapango mafupi, si kuta ndefu.

Miamba inaitwa kwa umbali wake kutoka Jesser Point, rasi ambako boti huanzia safari: Two Mile, Five Mile, Seven Mile, Nine Mile. Two Mile ndio mkubwa na unatosha siku mbili nzima. Sehemu nyingi ni kina cha mita 10 hadi 18. Seven Mile unapendeza zaidi, ila kwa anayetapika baharini safari yake ni ndefu.

Shughuli iko kwenye kutoka. Gati hakuna. Abiria wenyewe husukuma boti ya mpira mpaka maji ya kiunoni, pua ikitazama baharini. Nahodha akitoa amri mnaruka ndani, mnapitisha miguu kwenye mikanda ya sakafuni na kushika kamba. Anazungukazunguka kusubiri mwanya kati ya mawimbi, kisha anafungulia mashine. Mguu ukiwa nje ya mkanda, wimbi la kwanza linakurusha. Wakati wa kurudi boti hupanda mchangani kwa kasi na kusimama ghafla, kwa hiyo kamba isiachwe mpaka mashine izimwe. Kata nafasi ya boti ya kwanza alfajiri: upepo wa kaskazini-mashariki ukiamka mchana, bahari huchafuka.

Kiangazi cha huko, Desemba hadi Machi, maji hufika nyuzi 28, na papa jike wenye mimba, wa aina ambayo wenyeji huiita raggie, hukusanyika kwenye mwamba wa Quarter Mile. Ni wapole, ila usiwakaribie wala kuwazibia njia, wakisumbuliwa huondoka. Nyangumi wenye nundu hupita kuanzia Juni hadi Novemba.

Kwa sisi wa pwani ya Tanga kuna jambo la kugusa moyo. Mwaka 2000 wazamiaji walimkuta silikanti, samaki wa kale, akiwa hai katika korongo la Jesser chini ya bahari, kina cha mita 104. Ni samaki yuleyule anayenaswa na nyavu za wavuvi wa Tanga, ambako hifadhi yake ilitangazwa 2009. Mzamiaji wa kawaida hatamwona. Kina kile kinataka mchanganyiko maalumu wa gesi na mafunzo marefu.

Usiku, kati ya Novemba na Januari, kasa wa aina mbili, noa na duvi, hupanda ufukweni kutaga. Nenda na mwongozaji mwenye kibali, bila taa nyeupe. Kasa akiwa bado anachimba, kaeni mbali, maana akishtuka hurudi majini bila kutaga. Akianza kutaga, sogeeni kwa nyuma. Kabla ya hapo, tazama pezi la nyuma la noa: hujikunja kama kikombe, huchota mchanga, huuweka kando taratibu, kisha pezi la pili hushika zamu. Hakuna kitu kingine kwenye hifadhi hii kinachostahili kukosa usingizi kama hicho.

Wasiozamia wapande boti ya mtoni St Lucia kuona viboko na mamba. Ukingoni pale usioge wala kuchutama.

Gari: mchanga wa kambini ni laini, hivyo punguza upepo wa matairi hadi bar 1.2 na ubebe pampu ya kuyajaza tena kwenye lami. Wanaorudi Johannesburg wasizamie asubuhi na kuondoka mchana. Mji ule uko juu ya mita 1,700, na mwili wenye naitrojeni ukipandishwa mlima hivyo unaweza kupata viputo kwenye damu. Pumzika kwanza kwa muda wa saa 18.