Darasa la Kichaga Moshi: zuri sana, ila uliza kwanza ni Kichaga cha wapi

Nimemaliza wiki nane jumamosi iliyopita, niandike sasahivi maana watu wameshaanza kuniuliza kama lile darasa la Kichaga pale Moshi maeneo ya Mbuyuni linafaa. Linafaa, tena sana, ila kuna jambo moja ningelijua mapema ningejipanga tofauti.

Mi nimezaliwa Arusha, Ngarenaro. Baba Mrombo wa Mashati, mama wa Machame, na nyumbani tumeongea Kiswahili tu kwasababu wazazi wangu wenyewe kwa Kichaga hawaelewani. Watu wa mbali huwa hawaamini wanajua Mchaga ni Mchaga, ila mama akiwa anaongea na simu na ndugu zake baba anadaka maneno mawili matatu mengine yanampita. Kiswahili ndo lugha waliyochumbiana nayo. Na mimi changu ni Kiswahili cha Chuga, nikienda Dar nikisema sentensi moja tu washajua natoka wapi, nakipenda na sikioni kama kina kasoro.

Sasa mwaka juzi babu alifariki tukaenda kuzika Mashati. Usiku bibi alinishika mkono akaongea muda mrefu, mi naitikia tu sielewi kitu, shangazi akaja kunitafsiria baadae labda nusu yake. Bibi Kiswahili anakijua lakini anavozidi kuzeeka kinampungukia, akichoka au akiumwa kinaisha kabisa anabaki na cha kwao. Nikasema hapana, lazima nijifunze.

Darasa ni elfu sitini kwa wiki nane, jumamosi saa nne mpaka saa sita, mwalimu ni mzee mstaafu. Chumba kina joto na viti vya plastiki, hilo utalizoea. Katikati ya wiki anatuma sauti kwa WhatsApp na hizo sauti ndo moyo wa darasa lenyewe, maana Kichaga kina toni, sauti inapanda na kushuka ndani ya neno, kitu ambacho Kiswahili hakina, kwahiyo ukikariri kwenye daftari peke yake utatoka na maneno ambayo mwenye lugha hayatambui. Analisema neno polepole mara tatu, mara ya nne kwa kasi ya kawaida, alafu anataka umrudishie lako. Ukikosea anakutumia tena, hata saa tatu usiku, hachoki.

Somo lililonishika kuliko yote ni la wiki ya tatu. Chukua neno nimempa. Hiyo m ni mtu uliyempa, ila kitu chenyewe huna pa kukiweka humohumo, inabidi ukiseme pembeni, nimempa hicho. Kivunjo, yaani Kichaga cha upande wa Marangu tulichokua tunafundishwa, kinaweka vyote viwili ndani ya kitenzi kimoja, mtu na kitu, bila shida. Mwalimu akatuambia Profesa Lioba Moshi, ambaye Kivunjo ni lugha yake, aliandika na Joan Bresnan kuhusu haya mambo mwaka 1990 na mpaka leo wanaosoma isimu duniani huko wanayarudia. Nilipata furaha ya ajabu pale kwenye kiti, lugha tunayoambiwaga ni ya kijijini ndo inafundisha maprofesa!

Sasa tatizo. Tangazo limeandikwa Kichaga, basi. Jumamosi ya pili kaka mmoja wa Kibosho akanyoosha mkono akasema mwalimu kwetu hatusemi hivyo, mwalimu akamjibu kwa upole kwamba yeye ni wa Marangu na anafundisha Kivunjo alicholelewa nacho. Akatueleza zamani kila upande ulikua na Mangi wake, yaani chifu, Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900 alikua wa Old Moshi, sio wa mlima mzima, na Mangi Mkuu wa Wachaga wote alikuja kuchaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, Thomas Marealle. Nilisikia vizuri kabisa ila sikuunganisha na safari yangu, nikajua tofauti itakua ndogo tu.

Wiki ya sita nikapanda gari ya Tarakea. Himo, Mwika, Mkuu, njia nzima narudia kimoyomoyo. Nimefika bibi yuko barazani, nikapiga goti nikasema shimbonyi, nikaunganisha na sentensi zangu nne nilizozifanyia mazoezi. Bibi akaniangalia kimya alafu akamgeukia shangazi akamuuliza kitu. Shangazi akatafsiri, anauliza lini umeolewa Marangu.

Nilienda kwenye migomba nikalia. Nilitaka anisikie mjukuu wake, akasikia mke wa watu. Sentensi alizielewa, sehemu kubwa, ndo maana akauliza hivyo, lakini sauti haikua ya kwake.

Na hapa ndo naupa huu mtaala nyota zake zote. Nilimpigia mwalimu nikamwambia ukweli, hakujitetea. Jumamosi iliyofuata alinipa daftari jipya limechorwa safu mbili, kushoto sentensi zote za Kivunjo tulizosoma, kulia patupu, akasema mpigie bibi kila siku moja moja, muulize yeye anasemaje, mrekodi. Kaka wa Kibosho kapewa la kwake la kumpelekea baba yake. Dada mmoja Mmeru wa Usa River nae kapewa, na huyo alishanishangaza mapema, aliskia mama yangu anaongea Kimachame kwa simu akashika mengi kuliko mimi niliyezaliwa na huyo mama, Kimeru na Kimachame vimekaribiana kiasi hicho.

Kwahiyo ukiwa wa Marangu, Kilema, Kirua, Mamba au Mwika lipa leo, utaenda nyumbani na kitu cha nyumbani. Ukiwa wa Rombo, Kibosho, Machame au Siha lipa pia, ila omba daftari la safu mbili siku ya kwanza usisubiri ya sita kama mimi, na uwe na mtu wa kwenu wa kumpigia. Mwalimu ameahidi tangazo jipya litaandikwa Kivunjo waziwazi, na anatafuta mama wa Mashati na mtu wa Machame wa kumsaidia. Akiwapata nitarudi kulipa mara ya pili, cha mama bado sijakigusa.

Safu yangu ya kulia sasa imefika ukurasa wa saba. Jana nilichelewa kupiga, bibi akapiga mwenyewe kwa simu ya shangazi, akauliza neno la leo ni lipi.