TAHADHARI wenye X-Trail T30: wanachomoa soketi, mashine inaleta hitilafu, halafu unauziwa sensa feki

Ndugu zangu wenye X-Trail za zamani, zile T30 za injini ya QR20, kuna muuza spea Gerezani, Dar es Salaam, anakula hela za watu mchana kweupe. Nimekaa kimya siku kadhaa nikisubiri apokee simu. Hapokei. Basi tusomane hapa.

Duka silitaji. Malalamiko yameshapelekwa panapohusika na sitaki apate pa kushikia aanze kulia kwamba amechafuliwa jina. Ila mbinu yake naimwaga yote, maana mbinu hii haiko kwake peke yake.

Gari ni T30 ya shemeji yangu. Ugonjwa wake ni ule ule wa T30 zote: ikishapata moto kwenye foleni inazima ghafla, mshale wa RPM unaanguka sifuri kabla injini haijamaliza kuzunguka, unapiga stata inazunguka vizuri tu lakini haiwaki. Ukiiacha nusu saa ipoe, inawaka kama haijawahi kuumwa. Hiyo ni sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini), wala haihitaji mganga. Ukitaka uhakika, ikizima angalia mshale wa RPM wakati unapiga stata. Usipocheza hata kidogo, kompyuta ya gari haioni krenki ikizunguka.

Kwa hiyo tulikwenda dukani kununua kitu kimoja. Sensa ya krenki, moja! Tulitoka na sensa ya krenki, sensa ya kamshafti (shafti ya vali), ea flo (sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini), na throtoli (mlango wa hewa hiyo) "iliyosafishwa". Na gari ikazima chini ya daraja la Mfugale pale Tazara, jua la saa nane, malori yanapiga honi nyuma.

Sasa sikilizeni ilivyofanyika.

Muuzaji akasema: "Bosi wangu, sensa nakupa, lakini tupime kwanza nisije nikakuuzia usichohitaji." Niambieni, nani atakataa maneno hayo? Akaingia ndani ya gari na mashine yake ya skrini kubwa, akachomeka chini ya usukani, ufunguo ukiwa ON na injini imezimwa. Shemeji akaitwa dirishani aangalie skrini. Huku mbele kijana wake kafungua boneti, anapapasa bomba la hewa linalotoka kwenye ea klina, eti anatafuta nyufa. Mkono wa kushoto umeshika bomba. Wa kulia kidole gumba kiko juu ya kilimi cha soketi ya ea flo. Kinabonyeza, soketi inatoka kidogo tu, sekunde tatu nne hivi, inarudi. "Tik." Mlio wenyewe ni mdogo hivyo. Macho yetu yote yako kwenye skrini, na muuzaji anaongea mfululizo kama mpiga mnada.

Skrini ikasoma: P0335, namba ya hitilafu ya sensa ya krenki, ambayo tulikuwa tunaijua. Juu yake P0102 na P0113. "Mzee wangu, unaona? Ea flo imekufa, ndiyo inayoivuruga na sensa ya krenki. Ukibadilisha moja bila nyingine unarudi hapa kesho."

Uongo mtupu. P0102 ni kwamba kompyuta haipati mawimbi ya sensa ya hewa, P0113 ni kwamba haipati ya joto la hewa (kwenye T30 za miaka ya mwanzo mnaweza kuona P0100 na P0110). Sensa hizo mbili zimo ndani ya kifaa kimoja na waya zake zinapita soketi moja. Kufa zote mbili kwa pamoja, kwa dakika ile ile, kwenye gari iliyokuwa haitoi moshi mweusi wala haikuwa nzito kwenye mlima? Mara nyingi namba hizo zikija kama mapacha, soketi imechomolewa au waya umekatika. Na ea flo haina lolote la kufanya na P0335. Sensa ya krenki iko kwenye bloku upande wa gia boksi, ina waya zake tatu na njia yake.

Najua wapo mtakaosema "mlikuwa wapi." Tulikuwa pale pale. Duka lina vioo, lina mabango, mtu ana mashine ambayo mafundi wengi mtaani hawana. Na wenye T30 za kutoka Japani mnajua kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuunga na simu kinagoma kwenye nyingi ya gari hizi, kwa sababu zilitengenezwa kwa soko la kwao na hazizungumzi lugha ile ya magari ya Marekani na Ulaya. Ndiyo maana mtu anaitegemea mashine ya fundi. Anaujua udhaifu huo, na ndipo anapokaa.

Kisha likaja igizo la sumaku. Akatoa sensa kwenye boksi jipya lenye stika inayometameta, akaisogeza kwenye boliti ya kaunta, ikavuta. "Orijino hiyo, feki haivuti." Jamani! Sensa hizi zina sumaku ndani kwa jinsi zinavyofanya kazi. Feki inavuta, orijino inavuta, hata ile iliyokufa inavuta. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba sumaku ni sumaku, basi.

Sensa ya krenki 190,000. Ya kamshafti 170,000, "zinabadilishwa pamoja" (ushauri huo kwa injini hii si mbaya, nakubali, ila zikiwa sensa za kweli). Ea flo 260,000. Baada ya kufunga akafuta namba zote kwa mashine, akaonyesha skrini safi. Bila shaka ni safi, umezifuta! Kijana akachukua sensa za zamani na ea flo yetu "akazitupe." Ea flo nzima kabisa, ya Hitachi, iliyokuja na gari. Kwa akili yangu iko kaunta ya mtu mwingine sasa hivi, imefutwa vumbi, inaitwa mtumba wa Japani.

Sensa ya krenki tulifanikiwa kuidai, ile ya zamani, kwa sababu shemeji alikuwa ameishika mkononi. Tulipozilaza pamoja na hiyo "orijino", mpya ni fupi kwa karibu milimita moja kwenye ncha. Milimita moja si kitu kwenye mlango wa kabati, lakini sensa hii inasoma meno ya sahani yanayopita mbele yake, na pengo likiongezeka mawimbi yanadhoofika. Ikiwa baridi inasoma. Ikipata moto inapoteza. Oringi yake inacheza kwenye shimo, oili ikaanza kutoka jasho pale. Na maandishi ya mtengenezaji yalifutika kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Namba ya kwenye boksi inaanza na 23731, kama inavyotakiwa kwa sensa hizi za Nissan, ila ya kwenye mwili wa sensa ni nyingine kabisa. Boksi limenunuliwa kivyake, sensa kivyake.

Mtu kama huyu afungiwe duka. Na si faini ya kulipa asubuhi na kufungua mchana. Gari inazima kwenye taa, nyuma kuna basi la mwendokasi, ndani kuna watoto. Anajua, na anacheka na wewe akikuita bosi.

Halafu throtoli. Walipiga dawa ya kusafishia, sailensa (RPM ya injini bila kukanyaga mafuta) ikapanda mpaka karibu 1,500 haishuki. "Throtoli inakufa mzee, ipo hapa, 350,000." Hapo tuliondoka. Ukisafisha throtoli ya umeme ya T30, hewa inayopita imebadilika na kompyuta bado inakumbuka uchafu wa zamani. Unaifundisha upya, bure, kwa mguu wako:

Kwanza injini iwe na moto wa kawaida, gia iwe P, usukani umenyooka, AC, taa na feni vimezimwa, betri na oltaneta nzima (voti zaidi ya 12.9 ikiwa sailensa). Zima, subiri sekunde 10. Washa ufunguo ON bila kupiga stata, subiri sekunde 3 mguu ukiwa mbali na pedali. Kanyaga mafuta mpaka mwisho na uachie, mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka mwisho ushikilie, kama sekunde 20: taa ya injini itaanza kupepesa, kisha itaacha kupepesa na kubaki imewaka. Achia ndani ya sekunde 3, piga stata, iache kama sekunde 20 bila kugusa mafuta. Sailensa ikirudi karibu 700, umemaliza. Isipokubali mara ya kwanza rudia, tumieni saa ya simu, tatizo huwa ni kuhesabu kwa haraka. Ikigoma kabisa tafuteni hewa inayoingia pembeni, bomba lililopasuka au gasketi ya manifoldi.

Ya shemeji ilishuka. Throtoli ya 350,000 imepona kwa pedali.

Na pedali hiyo hiyo inasoma hitilafu bila mashine ya mtu yeyote. Hili ndilo nataka mlijue kabla hamjaingia gereji. Hatua ni zile zile, ufunguo ON injini imezimwa, sekunde 3, mara 5, sekunde 7, ila ukishikilia pedali mwisho unaachia pale tu taa ya injini inapoanza kupepesa, kama sekunde 10. Kisha usiguse, hesabu. Tarakimu ya kwanza inapepesa polepole, tatu zinazofuata haraka, na kuna kituo cha sekunde moja kati ya tarakimu. Sifuri ni mipepeso kumi. Kwa hiyo P0335 ni kumi, tatu, tatu, tano. Ya kamshafti, P0340, ni kumi, tatu, nne, kumi. Ikija kumi, kumi, kumi, kumi, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ukikanyaga tena pedali na kushikilia zaidi ya sekunde 10 ukiwa humo ndani, unafuta kila kitu, kwa hiyo miguu itulie.

Andika ulichokiona kwenye karatasi. Mashine ya fundi ikileta namba ambayo haikuwepo nusu saa iliyopita nyumbani kwako, aliyeileta yuko mbele yako.

Dalili nyingine, kwa haraka, maana nina hasira. Anayepima huku mwenzake anapapasa soketi na ufunguo uko ON: mwondoe kwenye gari. Anayekwepa kukuonyesha hali ya injini wakati hitilafu ilipoingia (mashine nzuri nyingi zinaonyesha, RPM 0 na mwendo 0 maana yake imeingia gari imesimama kimya). Anayetaka kuchukua spea ya zamani. Anayekataa kupima waya kwanza: kwenye soketi ya sensa, ufunguo ukiwa ON, waya mmoja uwe na voti za betri, mmoja uwe grandi (hasi). Kama hazipo, hata ukinunua sensa tano za orijino gari haitawaka. Kipimo cha omu (ukinzani wa umeme) peke yake kisiwadanganye. Kwa sensa hii kitabu cha Nissan kinasema tu isiwe sifuri wala isikatike kabisa, na feki inafaulu hapo bila jasho. Na risiti! Alitupa ya karatasi yenye muhuri, ya EFD (mashine ya risiti za kodi) "mtandao unasumbua leo." Unasumbua leo tu, eti.

Bidhaa bandia ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Risiti ya EFD ni kazi ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Kote tumepeleka. Wamkamate, wamshushie na boksi zake zote barabarani watu wazione.

Aliyeuziwa na mtu wa namna hii asitupe sensa wala asikubali kubadilishiwa kimyakimya. Tunza boksi, tunza karatasi ya muhuri, piga picha namba ya kwenye boksi na ya kwenye mwili wa sensa zikiwa pamoja kwenye picha moja, na peleka FCC mwenyewe. Yetu iko kule tayari, ya pili na ya tatu ndizo zitakazomfanya apokee simu.