Miaka sita na pikapu ya zamani: uzoefu wangu na dizeli isiyo na tabo

Pikapu ninayoizungumzia ilitengenezwa katika miaka ya 1990, nami nimeiendesha kwa miaka sita, siku nyingi ikiwa na mzigo. Injini yake ni dizeli ya silinda nne, haina tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na pampu yake ya mafuta ni ya kimitambo, isiyotegemea kompyuta. Katika muda wote huo imefunguliwa mara moja tu, na nitaeleza sababu yake kwa kirefu, kwa kuwa tatizo lililonipata huzipata pikapu nyingi za umri huo.

Wakati wa kununua nililinganisha aina tatu. Petroli ya kabureta huwaka upesi asubuhi na ni rahisi kutengeneza, lakini ikibebeshwa mzigo hunywa mafuta bila huruma. Dizeli yenye tabo hupanda kilima vizuri, ila tabo huongeza joto, na rejeta, yaani kipoza maji ya injini, iliyochoka haiwezi kulihimili. Nikachagua isiyo na tabo, nikijua kwamba hapo nguvu hutegemea zaidi ukubwa wa injini. Anayetazama Toyota Hilux za zamani, kwa mfano, atakuta injini za dizeli ziitwazo 2L ya sentimita za ujazo 2,446, 3L ya 2,779 na 5L ya 2,986. Kwa kazi ya mizigo ningeanza na kubwa.

Mwaka wa tatu maji ya rejeta yalianza kupungua, ingawa chini ya gari hapakuwa na hata tone. Fundi wa kwanza alibadilisha mfuniko wa rejeta, wa pili akabadilisha thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto, na maji yakaendelea kupungua. Wa tatu aliniomba nimwachie gari usiku kucha. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, alifungua mfuniko, akawasha, akaniita nitazame: viputo vidogo vilikuwa vikipanda mfululizo, na kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umekaza kama tairi lililojazwa upepo baada ya mfuniko kurudishwa. Gesi ya silinda ilikuwa inaingia kwenye maji. Silinda hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, iliposhushwa tuliona ufa mwembamba kama unywele kati ya vali mbili.

Chanzo kilikuwa rejeta. Aliyekuwa nayo kabla yangu alijaza maji matupu, bila dawa ya kuzuia kutu, miaka yote, na nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba kwa kutu na chokaa. Kilichoniudhi zaidi ni geji ya joto, ambayo haikuwahi kunionya. Baadaye nilielewa kwamba maji yakishuka chini ya kihisio, geji husoma hewa badala ya maji, hivyo mshale unaweza hata kurudi chini wakati injini inaungua. Nilibadilisha hedi, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, pampu ya maji, rejeta na mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni, kwa pamoja. Mkanda huo usipuuzwe: kwenye dizeli za namna hii ukikatika, pistoni hugonga vali, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Kwa anayekwenda kukagua pikapu kama hii, mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Ikiwa baridi, gusa injini, chomoa stiki ya oili uone kama oili imegeuka rangi ya maziwa, kisha washa mwenyewe. Kuchelewa kuwaka mara nyingi ni plagi za kupasha moto, na hilo ni jambo dogo. Moshi mweupe unaotoweka injini ikipata joto haunitishi. Ule usiokoma, ukiambatana na maji kupungua, ni dalili ya hedi au gasketi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Injini ikiwa inanguruma, legeza mfuniko wa kujazia oili: mvuke ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, ringi za pistoni zimekwisha, na bei yoyote utakayotajiwa ni kubwa mno.

Yangu sasa inatoa moshi mweusi kidogo ninapokanyaga mafuta ikiwa na mzigo. Kichujio cha hewa ni kipya, kwa hiyo ninashuku nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, nami nitazipeleka kupimwa kabla ya kumruhusu mtu yeyote aiguse pampu ya mafuta.